Herufi za grafiti zisizosomeka: zilitoka wapi, na kwa nini zikawa hivyo? (Uzi mrefu, njoo na chai)

Fundi Brashi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita mteja kanikatalia kazi. Ana saluni ya kiume, akataka jina la saluni liandikwe ukutani "kama yale maandishi ya Marekani". Nikampa bei, tukaelewana, nikapanda ngazi. Siku mbili, makopo tisa ya rangi ya kupuliza, shingo imekakamaa. Siku ya kukabidhi akavuka barabara ili aone vizuri, akalaza kichwa kushoto, akalaza kulia, akarudi: "Fundi, sasa hapa imeandikwa nini?" Nikamwambia, jina la saluni yako. Akasema yeye halioni. Bahati mbaya dogo mmoja wa bodaboda alikuwa kasimama hapo, akalisoma lote bila kubabaika. Mteja ndiyo kwanza akapandwa na hasira, akaona tumepanga.

Nimekuwa nikiandika mabango, milango ya malori na daladala tangu 1998, sasa hivi zaidi ni bajaji. Swali la "imeandikwa nini" nimeulizwa mara nyingi, na huwa najibu kwa mkato. Leo nataka nilijibu lote.

Wapo wanaoamini zile herufi zilizosukana kama nywele, zimeota mishale, R haijulikani kama ni R au K, ni kazi ya mtu aliyelewa akachezea kopo. Si kweli. Zina historia yenye majina ya watu na namba za mitaa, na zina kanuni kali kuliko herufi za bango la duka la dawa. Nitashusha kwa awamu, naandika kwa simu.

Awamu ya kwanza: jina tu

Mwanzo hapakuwa na urembo wowote. Philadelphia, katikati ya miaka ya 1960, kijana aitwaye Darryl McCray, jina la mtaani Cornbread, alianza kuweka chata lake kila ukuta aliokutana nao. Chata, kwa wasiojua lugha ya mtaa, ni ile alama au saini yako, jina ulilojipa mwenyewe, unaliandika mara moja na kuondoka. Mwenyewe husimulia kwamba gazeti lilipotangaza kimakosa kuwa amekufa, aliingia kwenye bustani ya wanyama akamwandika tembo ubavuni kuwa Cornbread yu hai. Tembo mzima mzima.

New York nako akatokea TAKI 183. Kijana wa asili ya Kigiriki, 183 ni namba ya mtaa aliokuwa akikaa, Washington Heights. Alikuwa tarishi, kazi yake kupeleka vifurushi mjini kutwa, kwa hiyo chata lake likafika kila alikofika yeye. Hakuwa wa kwanza, kabla yake kulikuwa na Julio 204. Ila tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times likaandika habari za TAKI, na kila mtoto wa mjini akaona kumbe inawezekana: jina lako ukutani, halafu jina lako gazetini.

Mnaona kilichofuata. Ukuta mmoja majina mia. Behewa moja la treni limejaa ndani na nje, wote wameandika kwa ukubwa uleule na wino uleule. Ukiwa mmoja kati ya mia, kuandika tu hakukusaidii. Hapo ndipo herufi ilipoanza kuvaa nguo.

Naendelea baadaye, kuna mtu ananisubiri na bajaji.

---

Kijiwe Nongwa

Weka picha ya huo ukuta wa saluni mkuu, tukusaidie kusoma.

---

Fundi Brashi

Picha siweki. Mteja atajulikana, na bado namdai.

---

Mama Zuhura

Mdogo wangu mwaka jana aliniandikia jina la genge langu kwa hayo mambo. Watu wakawa wananiuliza kama nimefungua studio. Nimeweka kambi hapa, endelea.

---

Fundi Brashi

Awamu ya pili: herufi inapata tumbo

Watu wakieleza historia hii hukimbilia majina ya wasanii. Mimi kama fundi naanza na kidude cha plastiki.

Aliyewahi kushika kopo la rangi ya kupuliza anajua kile kibonyezo cha juu. Cha kiwandani kinatoa mstari mwembamba, ukitaka kujaza eneo kubwa utalala hapo. Vijana wa New York wakagundua kwamba vibonyezo vya makopo mengine ya nyumbani, ya dawa ya kusafishia oveni, ya wanga wa kunyoosha nguo, vinaingia kwenye kopo la rangi na vinatoa mkupuo mpana. Anayetajwa sana kwa hilo ni Super Kool 223. Mwaka 1972 alichora jina lake kubwa kwenye behewa: ndani rangi moja, pembezoni mstari wa rangi nyingine.

Usidharau. Kabla ya hapo herufi ilikuwa mstari tu, kama unavyoandika kwa kalamu. Baada ya hapo ikawa na tumbo. Chenye tumbo kinajazwa, kinatiwa madoa, mawingu, nyota, kivuli. Ufundi wote uliofuata umetokana na lile tumbo.

Mwaka huohuo, Bronx, akaja Phase 2. Jina la kuzaliwa Michael Lawrence Marrow, 1955 hadi 2019. Huyu akazifanya herufi zivimbe kama maandazi yaliyoumuka vizuri, zimebanana, moja inaegemea nyingine. Akazizalisha aina kwa aina, zenye nyota ndani, zenye mawingu, zinazochuruzika, na kila aina akaipa jina. Ukiona leo bango lolote la pipi lenye herufi nene za mviringo, ujue Phase 2 hayuko mbali.

Manhattan walikuwa na lao. Top Cat 126 alihamia kutoka Philadelphia akiwa na herufi ndefu, nyembamba, zimesimama kwenye vikanyagio kama mtu aliyevaa viatu vya kisigino. Waliziita Broadway Elegant. Brooklyn wakapenda mikunjo, vitanzi na mishale.

Kwa hiyo mji mmoja, kila upande una mwandiko wake. Nini kiliichanganya hiyo miandiko? Treni. Treni inalala Bronx, asubuhi inakatiza Manhattan, inakwenda kugeuzia Brooklyn. Mtoto wa Brooklyn anaiona kazi ya jana usiku ya mtu wa Bronx bila kuvuka daraja. Sisi zamani tulikuwa tunajua wimbo mpya kwa kupanda daladala, wao walijua herufi mpya kwa kusimama stesheni. Palikuwa na benchi maarufu stesheni ya 149th Street na Grand Concourse, waandishi wanakaa pale na madaftari yao ya michoro, treni ikipita wanahukumu. Huyu kafanya kweli. Yule kaiba. Kuiba mwandiko wa mtu lilikuwa kosa kubwa kuliko kuiba rangi (na rangi zilikuwa zinaibwa sana dukani, tusifichane).

Halafu serikali ya mji ikawasaidia bila kukusudia. Mwaka 1973 wakapaka upya mabehewa yote, maelfu, ili kufuta yale majina. Wakayafuta kweli. Fikiria wewe ni kijana wa miaka kumi na sita, unaamka unakuta kuta zote za dunia zimepakwa upya, za zamani zimekwenda na mabingwa wake, na mashindano yanaanza sifuri. Waliorudi kuandika walirudi na herufi ngumu zaidi.

---

Ustadhi wa Dimbani

Assalaam alaykum. Mleta uzi, nina neno moja.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja kusini, una maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) yaliyochongwa kwenye matumbawe, upande wa kibla. Tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Zile herufi zimechanua. Ncha ya alifu inageuka jani, shina linapinda linarudi nyuma, mpaka unashindwa kujua herufi inaishia wapi na ua linaanzia wapi. Babu yangu alinipeleka nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeshahitimu chuoni, Qur'ani naisoma bila tabu, lakini pale nilishindwa hata mstari mmoja. Babu akacheka, akasema mchongaji hakuandika kwa ajili ya watoto.

Sasa hao wa New York wamegundua nini ambacho hakikuwepo kwetu karne nane na ushei kabla yao?

---

Fundi Brashi

Wa alaykum salaam, Ustadhi. Hili neno zito na nakushukuru. Nimefika hapo mara mbili, na mara zote mbili nilibaki baada ya kuswali nikiangalia herufi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nakubali nusu. Ugonjwa ni uleule: mtu anaipenda herufi kupita kazi yake ya kusomwa. Ila kusema wametoa kwetu, hapana, wale watoto hawakuwa wameuona mwandiko wa Kikufi. Walitazama vilivyowazunguka: katuni (Vaughn Bodé walimkopi sana), matangazo ya barabarani, maboksi ya vyakula. Mmoja tu aliyejihusisha waziwazi na mwandiko wa kale ni Rammellzee wa Queens, 1960 hadi 2010. Yeye alidai kazi yao inaendeleza ya watawa wa Ulaya ya zamani waliokuwa wakiremba herufi vitabuni mpaka wakubwa wao hawazisomi. Akaenda mbali akasema herufi zipo vitani, kila moja ipewe silaha yake, mshale ni kombora. Mtu wa ajabu. Baadhi ya maandishi yake nimesoma mara tatu na bado naelea.

Mkutano wa kweli wa grafiti na mwandiko wa Kiarabu umekuja baadaye. Angalia eL Seed, Mfaransa mwenye asili ya Tunisia. Mwaka 2012 aliandika mnara wa msikiti wa Jara, Gabès. Mwaka 2016 akaenda Cairo, Manshiyat Naser, mtaa wa wakusanya taka, akaandika duara moja la maneno juu ya majengo karibu 50. Ukisimama chini mtaani unaona vipande tu, mkunjo hapa, rangi pale. Ili ulione zima inabidi upande mlima wa Muqattam. Na maneno yenyewe ni ya askofu wa kale wa Aleksandria, Athanasio: anayetaka kuuona mwanga wa jua vizuri, na afute macho yake kwanza.

Ningekuwa na roho ngumu ningemwandikia mteja wangu hayo.

---

Ustadhi wa Dimbani

Haya, nimekubali ni mabinamu. Endelea.

---

Fundi Brashi

Awamu ya tatu: Wild Style yenyewe

Jina kwanza. Kijana wa Bronx, Tracy 168, katika miaka ya 1970 alikuwa na kundi lililoitwa Wild Style. Ukiwa na heshima mtaani ulikuwa unaongeza jina la kundi kwenye kazi yako. Taratibu jina la kundi likawa jina la ule mwandiko uliofumana. Tracy amefariki 2023.

Je, ndiye aliyeugundua? Hapa watu hupigana ngumi mpaka leo. Jina ni la kundi lake, hilo halina ubishi. Mishale na herufi kufungamana, wengi wanampa Phase 2. Riff 170 naye alikuwa akichukua wazo la mtu na kulirudisha likiwa limenona, mwenye wazo anabaki na aibu. Ukiniuliza mimi, huu mwandiko hauna baba mmoja, una ukoo, na ulizaliwa pale benchi.

Sasa njooni karibu tuone ulivyo. Chukueni karatasi.

Chora E ya kawaida, ya unene, kama ya kwenye jezi. Nguzo moja, mikono mitatu. Usiguse kitu kwanza. Jiulize mkono wa kati unaelekea wapi: kulia. Basi urefushe kulia, upite nyuma ya herufi inayofuata, uibukie upande wa pili, uupe ncha ya mshale. Nguzo ivunje kidogo kiunoni ili E ielemee mbele, kwa sababu behewa linatembea na jina nalo litembee. Mkono wa chini upe kisigino ili herufi isianguke. Mkono wa juu uurudishe nyuma kama mtu anayejikuna mgongo, ukalie herufi iliyotangulia.

Herufi ya pili nayo iwe na yake. Iupokee ule mkono wa E, iupishe, na yenyewe itume kitu kwa ya tatu.

Kanuni sasa. Kinachoingia nyuma lazima kitokee, tena pale pale ambapo jicho linakitegemea. Unene wa mkono ubaki uleule njia nzima, hata ukipinda mara nne. Mshale uote pale ambapo mstari ulikuwa unaelekea tayari, usiubandike kama stika. Unene wa ubavuni, ule unaofanya herufi zionekane zimesimama, ushuke upande mmoja kwa herufi zote. Ukimaliza, mtu akitoa mishale yote na visigino vyote, chini yake E iwepo na isimame yenyewe.

Ndicho alichokiona dogo wa bodaboda. Hakusoma mishale. Aliisogeza pembeni kwa macho akasoma mifupa.

Na ndiyo kasoro ya kazi nyingi za siku hizi, zikiwemo za vijana wangu wawili. Wanaanza na mshale. Ukifunua nguo hukuti mtu.

Waliofikisha mbali zaidi ni watu kama Kase 2 wa Bronx. Alikuwa na mkono mmoja. Mkono mmoja huo alipanda nao mabehewa usiku, akashika kopo, akavuta mistari iliyonyooka kama ya rula. Mwandiko wake aliuita computer rock: herufi zimekatwa vipande, vipande vimehamishwa, ukitazama unaona mashine iliyofunguliwa. Yumo kwenye filamu ya Style Wars ya 1983, anaeleza kwa kujiamini kama mwalimu wa hesabu. Alifariki 2011.

Upande mwingine yupo Dondi White wa Brooklyn, 1961 hadi 1998. Mwaka 1980 aliandika Children of the Grave kwenye mabehewa mazima, kutoka chini hadi paa, na mpiga picha Martha Cooper akawepo. Dondi alikuwa anaujua Wild Style wote, lakini alikuwa na msimamo wake: akiwaandikia waandishi wenzake anafumba, akiuandikia umma anaandika herufi zilizonyooka watu wasome.

Hili ningelikumbuka kabla ya kupanda ngazi ya saluni.

---

Mlipa Kodi Mtulivu

Nimesoma kwa utulivu kama jina langu. Lakini tuseme ukweli, huo ni uharibifu wa mali ya umma. Ukuta wangu umeandikwa mara tatu mwaka huu, na kila nikipaka ni hela yangu. Mnauremba kwa historia lakini mwenye ukuta hamumtaji.

---

Fundi Brashi

Mkuu, una haki, sitakubishia ukuta wako. Hata mimi nikiandikiwa geti bila ruhusa nitamtafuta mtu.

Abiria wa New York walikuwa wanapanda treni ambazo dirishani hawaoni stesheni ipi wamefika. Wengi walichukia kabisa. Na watoto waliumia kwenye reli, wapo waliokufa. Meya Koch akaweka uzio wa nyaya za wembe na mbwa kwenye karakana za treni, mabehewa ya njia fulani yakapakwa meupe, mengine yakawa yanaoshwa kwa kemikali kali. Mwisho wakaamua kwamba treni iliyoandikwa haitoki mpaka isafishwe. Tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lenye grafiti likaondolewa njiani. Mji ukashinda.

Ila ulishinda kwenye mabehewa tu. Mwaka 1982 kundi la wasanii, Dondi na Rammellzee wakiwemo, lilikuwa limeshapelekwa Paris na London pamoja na wacheza dansi na madijei. Mwaka 1983 filamu mbili, Wild Style ya Charlie Ahearn na hiyo Style Wars. Mwaka 1984 kitabu cha picha, Subway Art, cha Martha Cooper na Henry Chalfant, ambacho vijana wa Ulaya walikiiba madukani kwa bidii ileile ya kuiba rangi. Paris akasimama Bando. Mode 2, mzaliwa wa Mauritius aliyekulia London, akaleta wahusika wenye sura na miili kando ya herufi. Amsterdam wakaja Shoe na Delta. Hamburg akaja Daim, akaondoa kabisa mstari wa nje, herufi akazijenga kwa mwanga na kivuli mpaka unataka kuzishika.

Kwa hiyo treni zilipong'aa 1989, mwandiko ulikuwa umeshapanda ndege zamani.

---

Msee wa Nganya

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Nimekuja kuongeza yetu.

Hapa huu mwandiko uliingia kwa matatu. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ikitoka kwa fundi inakuwa na jina limeandikwa ubavu mzima, herufi zimepinda, zina kivuli, zina moto, taa zinaifuata. Waziri wa uchukuzi Michuki alipoleta sheria zake 2004 tukapakwa mstari wa manjano na mapambo yakapigwa marufuku. Wazee wakasema basi utamaduni umekufa. Thubutu. Ukitembea mjini sasa hivi utaona mwenyewe.

Lakini niwaambie kitu kuhusu kusoma. Mimi nimekuwa makanga (konda) miaka saba. Hakuna abiria anayesoma jina la nganya. Anaijua kwa rangi, kwa pembe ya ile herufi ya kwanza, kwa mngurumo. Mtoto wa darasa la pili ambaye ABC bado zinampiga chenga anakutajia majina ya gari kumi zikiwa mbali. Kwa hivyo huyo mteja wa Fundi anakosea, wateja wake wataijua saluni hata kama hakuna anayeisoma.

Ingine: New York walifukuzwa na mbwa kwa kuandika treni. Hapa mwaka 2013, kabla ya uchaguzi, wasanii walipaka rangi treni ya abiria inayopita Kibera kwa ruhusa ya kampuni ya reli, ujumbe ulikuwa wa amani. Hiyo reli mnakumbuka iling'olewa kwenye fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Sasa treni ikapita katikati ya mtaa ikiwa imepambwa, na watu wanaipungia.

---

Fundi Brashi

Msee, hii ya mtoto wa darasa la pili nimeipenda. Herufi ikishakuwa sura, unaitambua kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake.

Na kwa upande wetu Dar tusiwasahau Wachata. Kundi limejiita kwa neno lilelile la chata, na kazi zao ukutani zimewafunza wengi kwamba rangi ya kupuliza si ya uhuni tu.

---

Binti wa Queens

Naishi New York, Queens, mwaka wa kumi na nne huu. Naomba nichangie la kwangu.

Nilipofika nilikuwa napanda treni namba 7 kwenda kazini alfajiri. Treni inatoka chini ya ardhi, inakunja kona, na ghafla upande mmoja kuna jengo la kiwanda cha zamani limeandikwa kuanzia chini mpaka paa. 5Pointz. Watu walikuwa wanatoka nchi nyingine kuja kuandika pale, kwa ruhusa ya mwenye jengo. Mimi nilikuwa sijui hata jina moja ukutani, lakini ndilo lililokuwa linaniambia nimebakiza dakika ngapi.

Novemba 2013, asubuhi moja, kona ikakatwa na jengo likawa jeupe. Walipaka usiku kucha. Behewa zima likanyamaza. Mama mmoja pembeni yangu akasema neno kwa Kihispania, sikulielewa lakini nililielewa.

Wasanii 21 wakaenda mahakamani. Si kudai jengo, jengo lilikuwa la mwenyewe, bali kwamba kuna sheria ya 1990 inayolinda kazi ya sanaa yenye hadhi isiharibiwe bila msanii kupewa taarifa na muda. Februari 2018 jaji akawapa haki: kazi 45, kila moja dola 150,000. Jumla dola milioni 6.75. Rufaa ikashindwa.

Kwa hiyo ndugu yangu Mlipa Kodi, ni mji uleule. Mwaka 1989 kuandika ni uhalifu, mwaka 2018 kufuta ndiko kunalipiwa fidia.

---

Mlipa Kodi Mtulivu

Dada, hapo mwenye jengo alikuwa ametoa ruhusa mwanzoni. Mimi sikutoa.

---

Binti wa Queens

Kweli, na jaji naye aliangalia hilo. Ukuta wako uko salama, kaka.

---

Kijiwe Nongwa

Swali kwa Fundi. Kwa nini unaandika "grafiti" halafu watu wenyewe unawaita "waandishi"? Si wachoraji?

---

Fundi Brashi

Swali zuri sana, na wewe leo umekuja na akili zako.

Wao wenyewe walijiita waandishi na kazi yao kuandika. Phase 2 alilichukia neno grafiti mpaka mwisho wa maisha yake, aliona ni neno walilobandikwa na magazeti. Na ukifikiri, ana hoja. Hawakuanza kwa kuchora picha. Walianza kwa kuandika jina, wakaendelea kuliandika jina lilelile miaka na miaka mpaka herufi zikawachosha wakazikunja. Ndiyo maana picha pembeni, zile katuni, kwao ni kachumbari. Wali ni herufi.

Mimi mwenyewe mtaani naitwa mchoraji, na kila mara moyoni nasema hapana, mimi ni mwandishi. Sisemi kwa sauti kwa sababu nitaulizwa naandikia gazeti gani.

---

Mama Zuhura

Nimejaribu ile E kwenye karatasi ya kufungia vitumbua. Mkono wa kati umepita nyuma ukapotea, haujatokea tena.

---

Fundi Brashi

Hahaha, mama, hapo ndipo wote tunapoanzia. Chora ya pili kwa penseli kwanza, zote mbili nzima kana kwamba ni za kioo, uone zinavyopitana. Halafu ufute kinachofichwa. Ukianza kwa kuficha utapotea.

Na usitumie kalamu ya wino kwa vitumbua, wino unaingia kwenye mafuta.

---

Kijiwe Nongwa

Na mteja alilipa?

---

Fundi Brashi

Leo asubuhi nimerudi, nimemwandikia jina chini kabisa kwa herufi za kawaida, ndogo, kama Dondi alivyoufanyia umma. Amelipa nusu. Nusu nyingine anasema atalipa siku akifanikiwa kuisoma ile ya juu.